Fundi Anapofungua Springi za Gari Uani Kwako

Katika nyumba nyingi zenye gari, wa kwanza kusikia kwamba kuna kitu kinagonga mbele ni mama. Ndiye anayelipeleka shuleni, sokoni, kliniki na kwenye ibada, nalo limejaa watoto, gunia la mkaa na ndoo za mahindi. Baba akiliendesha peke yake asubuhi kwenye lami, huenda asisikie lolote. Basi mama husema, na asiposikilizwa husema tena, mpaka Jumamosi moja fundi anaitwa aje kulitazama nyumbani. Fundi hulala chini, humulika kwa tochi, kisha huinuka akipangusa mikono na kusema, "Mama, springi imevunjika."

Kubadilisha springi si kazi kama ya kubadilisha plagi au kumwaga oili. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu. Hata hivyo, kazi hii hufanyika kila wiki chini ya miembe na kando ya mabanda ya kuku: watoto wamechuchumaa kutazama, kijana anayejifunza ufundi amejilaza chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tupu, na mama mwenye nyumba yuko jikoni akiwapikia mafundi chai. Tungependa mama huyo, akiileta hiyo chai, ajue cha kutazama. Hatuandiki ili kila mmoja wetu ashike spana, ingawa wapo dada zetu wanaoishika na kuimudu vizuri. Tunaandika kwa sababu ua ni wako, na neno lako hapo lina uzito.

Springi inabeba nini

Chukua gari ambalo wengi wetu tunalijua, Toyota Corolla 110, lililoanza kutengenezwa mwaka 1995 na ambalo bado linaonekana katika miji yetu. Lina uzito wa kilo 1,000 na kitu. Kwa kuwa injini iko mbele, zaidi ya nusu ya uzito huo uko mbele. Kwa hiyo kila springi ya mbele hubeba kilo 300 hivi hata gari likiwa limesimama bila mtu ndani. Ukipita kwenye tuta kwa kasi na watoto watano kiti cha nyuma, mzigo huo huongezeka ghafla.

Springi yenyewe ni fimbo ya chuma kigumu iliyozungushwa. Katika gari la namna hii imevikwa juu ya shokapu na kubanwa kati ya sahani mbili: ya chini imeunganishwa na mwili wa shokapu, na ya juu inashikiliwa na nati moja katikati. Mfumo huu ulibuniwa na mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940, na watengenezaji wa magari wakaupenda kwa kuwa hauli nafasi na una vipande vichache. Magari mengi madogo tunayoyaona barabarani yana mfumo huo mbele. Malori na pikapu kama Hilux huwa na springi za namna nyingine nyuma, za vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Hizo hatutazizungumzia hapa.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Springi ikiwa huru ni ndefu kuliko nafasi iliyopewa. Ndiyo kusema hata ukishalinyanyua gari, ukatoa tairi, ukachomoa shokapu nzima na kuilaza juu ya gunia, springi bado imebanwa. Kinachoizuia isiruke ni ile nati moja ya katikati. Anayeifungua nati hiyo kabla ya kuibana springi kwa chombo chake ameiachia nguvu yote mara moja, na sahani ya juu huelekea usoni mwake, kwa maana ndiko alikoinamia. Hapo mtu hupoteza jicho, meno, vidole, au uhai.

Kwa hiyo, mama, kama hutakumbuka neno jingine lolote katika makala hii, kumbuka hili: nati ya katikati haiguswi mpaka springi iwe imebanwa na inacheza mahali pake.

Dalili zake

Gari lililovunjika springi huinama upande mmoja. Lisimamishe mahali tambarare, bila mzigo, hakikisha matairi yote yana upepo wa kutosha, kisha chukua utepe wa kushonea na upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa chini kwa upana wa vidole viwili, kuna jambo. Dalili nyingine ni mlio wa "tang!" unapokata kona ukiwa umesimama au ukienda polepole, na tairi kusugua madigadi gari likipakiwa.

Mara nyingi springi hukatika karibu na mwisho wake wa chini, mahali maji na mchanga hukaa. Rangi hubanduka, kutu huingia, na siku moja tuta humaliza kazi. Wanaoishi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, karibu na chumvi ya bahari, waangalie zaidi. Kipande kilichokatika kinaweza kuwa na ncha kali kama patasi, na kikihama huweza kulichana tairi ukiwa safarini. Kwa sababu hiyo gari la namna hiyo lisipakiwe watoto kwa kusema "nitalitengeneza mwisho wa mwezi."

Utapewa ushauri wa bei nafuu. Mwingine atasema springi ichomelewe. Mwingine atakata kipande cha tairi kuukuu akipachike katikati ya mizunguko ili gari linyanyuke. Springi iliyochomelewa imeharibiwa ugumu wake kwa moto, nayo itakatika tena pale pale au pembeni yake. Kipande cha mpira huhamisha mzigo wote kwenye mizunguko michache iliyobaki. Kataa vyote viwili bila kugombana na mtu.

Springi hununuliwa mbili, ya kulia na ya kushoto, hata kama iliyovunjika ni moja. Ya zamani iliyochoka ikikaa na mpya, gari litainama na kuvuta upande mmoja unapofunga breki. Mpelekee muuza vipuri namba ya chesisi, maana gari la jina moja huweza kuwa na springi za aina kadhaa kulingana na injini. Ukinunua zilizotumika, kama wengi wetu tunavyofanya kule Gerezani au Kirinyaga Road, zisimamishe pamoja kaunta: ziwe na urefu mmoja, unene mmoja, idadi moja ya mizunguko. Pitisha kidole polepole. Penye kutu iliyochimba mashimo, irudishe.

Vyombo

Hapa tunaomba uvumilivu wako, kwa sababu ajali nyingi za kazi hii huanzia kwenye chombo kibovu au kisichokuwapo.

Kwanza jeki. Ile ndogo inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi barabarani, basi. Kwa kazi hii inatakiwa jeki ya magurudumu, ya tani 2 au zaidi. Lakini hata iwe nzuri namna gani, jeki ni ya kunyanyulia. Haishikilii gari mtu akiwa chini yake. Oili yake huweza kuvuja na gari likashuka bila kutoa taarifa. Cha kushikilia ni stendi mbili za chuma, zenye miguu mipana na pini au meno ya kufungia. Soma uzito ulioandikwa, na uulize kama ni wa stendi moja au wa zote mbili kwa pamoja, maana wengine huandika wa jozi. Tofali za saruji hazifai kabisa: tofali linaweza kubeba gari kwa saa nzima kisha likapasuka mara moja. Mawe huteleza. Gogo la mviringo hubingirika. Fundi asiye na stendi aazime kwa mwenzake, na asipopata, kazi ingoje Jumamosi nyingine.

Pili, vibana springi. Kwa kawaida ni viwili, kila kimoja ni bolti ndefu yenye kulabu juu na chini. Vikague kama unavyokagua sufuria sokoni. Kulabu ziwe nene, zimeikumbatia springi vizuri, na ziwe na pini ndogo za kuzuia zisichomoke. Nyuzi za bolti, zile mafundi huziita hesi, ziwe safi, zisizoliwa, na zimepakwa grisi. Ukiona kulabu imechomelewa upya au bolti imepinda, hicho si chombo tena. Na anayetaka kuibana springi kwa waya, kamba, mnyororo au mkanda wa gari, mwambie kwa upole kwamba hapa kwako hapana. Vibana hivi pia havikazwi kwa mashine ya upepo. Mikono na spana hutosha, kwa sababu mashine hula nyuzi na kuificha hatari mpaka dakika ya mwisho.

Vilivyobaki ni vya kawaida: spana ya magurudumu (nati za Corolla ni namba 21), spana na soketi kuanzia namba 12 hadi 19, mafuta ya kulegeza kutu, brashi ya waya, chaki, kipande cha waya laini, na miwani ya kukinga macho. Miwani watu huicheka. Inagharimu kidogo kuliko nauli ya kumpeleka mtu hospitali ya macho. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza ni nzuri sana kuwa nayo, na gereji kubwa huwa nayo.

Kazi yenyewe

Kabla fundi hajaanza, ondoa watoto. Wapeleke kwa shangazi, wapeleke kwenye mazoezi ya kwaya, popote. Na kuku pia, kwa maana mtoto humfuata kuku.

Gari liwe mahali tambarare na pagumu. Penye udongo laini, ubao mnene uwekwe chini ya jeki na chini ya stendi. Breki ya mkono ivutwe, gia iingizwe, au kama ni otomatiki iwekwe kwenye P, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma. Nati za gurudumu hulegezwa kidogo gari likiwa bado chini. Ukizilazimisha likiwa juu, utalitikisa. Kisha linanyanyuliwa, stendi zinawekwa mahali palipoimarishwa pembeni mwa chesisi, linashushwa juu ya stendi, na fundi analisukuma kwa mkono kuona kama limetulia. Gurudumu lililotolewa lilazwe chini ya gari ubavuni. Stendi ikiteleza, gari litaliangukia gurudumu na kuacha nafasi ya mtu kutoka.

Kumbukumbu la Torati 22:8 huagiza mwenye kujenga nyumba azungushe kizuizi darini, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Agizo hilo halimuulizi mwenye nyumba kama aliyepanda ni mwanawe, mgeni au kibarua. Tunaliona gurudumu lile lililolazwa kama jambo la aina hiyo. Kumwombea fundi ni vyema; kumwekea stendi ni vyema pia.

Baada ya hapo fundi hufungua mpira wa breki na waya uliofungwa kwenye shokapu, kiungo kidogo cha stabilaiza kama kipo, kisha bolti mbili kubwa za chini, akiwa ametia alama kwa chaki mahali zilipokaa. Habu ifungwe kwa ule waya laini ili isining'inie kwenye mpira wa breki. Mpira ukivutika huchanika ndani usione, na siku moja breki zikakosa. Halafu, boneti likiwa wazi, hufungua nati tatu ndogo zinazoizunguka ile ya katikati. Tatu za pembeni, mama. Ya katikati inabaki. Mmoja anaishikilia shokapu kwa chini isianguke, na inatoka nzima pamoja na springi yake.

Mpaka hapa springi haijaachiwa. Na hapa ndipo tunapompa kila mwenye shaka njia ya katikati, ambayo sisi wenyewe tunaipenda kuliko nyingine. Shokapu ikishatoka nzima, iwekwe kwenye gunia pamoja na springi mpya, ipelekwe kwenye gereji yenye mashine imara ya kubania springi, ile iliyofungwa mezani au ukutani. Wao wabane, wabadilishe, waifunge nati. Irudi nyumbani ikiwa tayari, na fundi wako airudishe kwenye gari. Utalipa kidogo zaidi na nauli, lakini ile sehemu yenye kuua itakuwa imefanyika mahali pake. Fundi mwenye busara hataona aibu. Atakayeona aibu usimkabidhi gari.

Ikiwa lazima ifanyike nyumbani, kila kibana kinakaa upande wake, kimoja kikikabili kingine, kulabu zikishika mizunguko mingi iwezekanavyo. Fundi hukaza huku mara chache, kisha kule mara chache, zamu kwa zamu, ili springi isipinde kama ndizi. Ikianza kupinda, arudi nyuma na kuanza upya. Hukaza mpaka springi iachane na sahani na kuweza kuzungushwa kwa mkono. Ndipo nati ya katikati inafunguliwa, naye amekaa ubavuni, uso wake wala wa mtu mwingine usiwe upande wa juu wala wa chini wa shokapu. Springi iliyobanwa isiachwe chini wakati mafundi wakinywa chai, wala isigongwe kwa nyundo. Chai ingoje.

Hapo ni wakati wa kutazama vipande vya mpira vya juu, beringi yake, na ule mpira mdogo wa kuzuia kugonga. Vikiwa vimechanika badilisha sasa, kwa sababu kurudi baadaye ni kulipia kazi ile ile mara mbili. Shokapu ikivuja oili, hali ni hiyo hiyo. Springi mpya hubanwa kwa namna ile ile, mwisho wake wa chini ukae sawasawa kwenye ngazi ya sahani, nati mpya ifungwe na kukazwa vizuri, na vibana vilegezwe zamu kwa zamu. Kisha upande wa pili.

Kabla ya kumlipa

Gari likishashuka chini kwa magurudumu yake, nati za magurudumu hukazwa kwa kuvukana, si kwa kufuatana. Kwa Corolla kipimo ni Nm 103. Angalia mpira wa breki umerudishwa kwenye kishikizo chake, hausugui tairi usukani ukizungushwa mpaka mwisho huku na huku. Kanyaga breki mara kadhaa kabla gari halijasogea. Pima tena kwa ule utepe wa kushonea. Usishangae gari likiwa juu kidogo kuliko ulivyozoea. Springi mpya hushuka kidogo baada ya siku chache.

Mpe fundi alizungushe mtaani akiwa peke yake, polepole, apite kwenye tuta moja au mawili. Ukisikia mlio wowote wa kugonga, lirudi juu ya stendi siku hiyo hiyo. Baada ya hapo lipeleke kupimwa alaimenti ya magurudumu, kwa maana bolti zile mbili za chini zikihama hata kidogo tairi zitalika upande mmoja kabla ya Krismasi. Ukishatembea kilomita 100 hivi, nati zikaguliwe tena.

Na zile springi za zamani usiziache nyuma ya nyumba zikawa vitu vya kuchezea. Omba uonyeshwe zote mbili, uone palipokatika, kisha ziende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.